Mshahara Ulipopanda Katika Mashamba ya Mkonge

Somo la sita katika masomo ya historia kwa watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa redioni, ili vikundi vya kusikiliza viweze kuyarudia.

Ninyi mlio katika vikundi, natumaini mwenyekiti amekwisha kuwagawia karatasi, na mwandishi wa kikundi ana kalamu yake tayari. Na wewe unayesoma peke yako nyumbani, jihesabu kuwa mmoja wetu.

Leo tunalo swali gumu. Je, sheria inayomlinda mfanyakazi yaweza kumnyima mtu mwingine kazi? Waajiri husema ndiyo: ukipandisha mshahara kwa amri, na ukinizuia kumwachisha mtu kazi, basi nitaandika watu wachache. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi husema la: hayo ni maneno ya tajiri anayelinda faida yake. Swali hili hubishaniwa duniani kote, na mara nyingi kwa hasira kuliko kwa hesabu.

Sisi tuna bahati moja. Swali hili lilikwisha kujaribiwa hapa kwetu Tanganyika, kati ya mwaka 1958 na mwaka 1967, na jaribio lenyewe lilifanyika katika mashamba ya mkonge. Basi leo tutalitazama hatua kwa hatua. Nawaomba jambo moja tu: mtu ye yote asikate shauri kabla hatujafika mwisho.

1. Mkonge na manamba

Mkonge si mmea wa asili ya nchi hii. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Dr. Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche ile 62 yakaenea mashamba makubwa ya Tanga, Korogwe, Morogoro, Kilosa na Lindi. Kufika miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa kutoa katani, na katani ilikuwa zao la kwanza la nchi kwa kuleta fedha kutoka ng'ambo.

Kazi ya mkonge ni ngumu. Majani yana miiba, jua ni kali, na mkataji lazima afunge matita yake na kuyabeba mpaka penye reli ndogo ya shamba. Wenyeji wa karibu, waliokuwa na mashamba yao ya mahindi na minazi, hawakuipenda. Kwa hiyo wenye mashamba walitafuta watu mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Singida, na hata ng'ambo ya mipaka, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kama SILABU. Mtu akiandikishwa alipewa namba, akapandishwa garimoshi au lori, akapelekwa kambini. Ndiyo maana watu hao waliitwa manamba, na jina hilo halikuwa la heshima.

Sasa sikilizeni vizuri jinsi walivyolipwa, maana hapo ndipo penye ufunguo wa somo letu. Kila mtu alikuwa na kadi iliyoitwa kipande. Kila siku aliyomaliza ngwe yake, yaani kipimo cha kazi ya siku, kadi ilitiwa alama. Alama zikitimia 30, alipokea mshahara. Kama alama 30 zilichukua wiki tano au wiki sita, hilo lilikuwa shauri lake. Siku asiyokwenda kazini hakulipwa, na mwenye shamba hakupata hasara kubwa.

Matokeo yake nini? Mwenye shamba aliyehitaji watu 500 kila asubuhi aliandika watu wengi zaidi ya 500, kwa kuwa alijua kwamba wengi hawatatokea. Mshahara ulikuwa mdogo, basi hakuona uzito kuwa na majina mengi daftarini. Kitu rahisi hakitunzwi. Mtu mwenyewe alifanyiwa hivyo hivyo: akiugua, akichoka, au akijibizana na mnyapara, palikuwa na mwingine wa kushika panga lake.

2. Wafanyakazi wapata sauti

Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana vikaunda shirikisho, Tanganyika Federation of Labour, na katibu wake mkuu akawa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kikaenea upesi. Mwaka 1958 palikuwa na migomo mingi mkongeni, na mmoja uliokumbukwa sana ni ule wa shamba la Mazinde. Watu waliokuwa wakiitwa kwa namba walianza kuitwa kwa majina yao, na wenye mashamba walianza kukaa nao meza moja kupatana mshahara.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Serikali mpya haikuweza kuwaambia wananchi kwamba bendera imebadilika lakini mshahara utabaki kuwa ule ule wa manamba. Bodi iliyoongozwa na Mwingereza Donald Chesworth ilichunguza mishahara ya nchi nzima, ikatoa taarifa yake mwaka 1962. Kuanzia tarehe 1 Januari 1963 kima cha chini kipya kilianza kutumika. Mjini Dar es Salaam kiliwekwa kuwa shilingi 150 kwa mwezi. Mwaka 1962 huo huo ilipitishwa sheria ya kiinua mgongo, ili mtu anayeachishwa kazi asiondoke mikono mitupu. Desturi ya kipande nayo ikafikia mwisho wake, na kazi ya mwezi ikawa kazi ya mwezi kweli.

Kisha, mwaka 1964, ikaja Sheria ya Usalama wa Kazini. Jina hilo lisikupoteze: haikuhusu ajali za mashine, ilihusu usalama wa ajira ya mtu. Kabla yake mwajiri aliweza kumfukuza mtu kwa neno moja. Baada yake ilibidi afuate orodha ya makosa na adhabu zake, na kabla ya kumfukuza mtu aizungumzie habari hiyo na kamati ya wafanyakazi. Aliyeonewa alikuwa na mahali pa kukata rufani. Mwaka huo huo vyama vyote vya wafanyakazi vilivunjwa, pakabaki chama kimoja, NUTA, kilichokuwa chini ya Serikali na TANU. Kwa hiyo mfanyakazi alipata ulinzi mkubwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapoteza uhuru wa chama chake. Hilo tutalitengea somo lake.

3. Hesabu ya mwenye shamba

Sasa tufanye hesabu ndogo ya mfano. Mwandishi wa kikundi, andika.

Tuseme shamba lina watu 100, na kila mmoja hulipwa shilingi 80 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 8,000. Sheria inakuja, inasema kila mtu alipwe shilingi 120. Kama watu ni wale wale 100, jumla yawa shilingi 12,000. Zile shilingi 4,000 zilizoongezeka zitatoka wapi?

Njia ya kwanza ni kupandisha bei ya katani. Njia hiyo ilikuwa imefungwa, kwa sababu bei haikuwekwa Tanga. Iliwekwa na wanunuzi wa Ulaya na Marekani, nao waliweza kununua katani ya Brazil.

Njia ya pili ni mwenye shamba kupunguza faida yake. Njia hii ipo, hasa wakati bei ni nzuri, na ndiyo njia ambayo chama cha wafanyakazi huitumaini. Ni kweli pia kwamba mashamba mengi yalikuwa yamepata faida kubwa miaka ya nyuma.

Njia ya tatu ni kupunguza watu na kuwataka waliobaki wafanye kazi zaidi. Kwa shilingi zile zile 8,000, sasa anaweza kulipa watu 66 tu. Kama akiwapanga vizuri zaidi, akawasimamia vizuri zaidi, akaongeza ngwe, na wakaja kazini kila siku, huenda hawa 66 wakafanya kazi ya wale 100.

Bila shaka mwenye shamba atajaribu njia ya tatu kwanza. Haimpasi kuwa mtu mwovu ili aifuate. Yatosha awe mtu anayejua kutoa na kujumlisha.

4. Yaliyotokea

Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na watu zaidi ya 400,000 waliofanya kazi ya mshahara. Mwaka 1963 walikuwa karibu 340,000. Upungufu mkubwa ulikuwa katika mashamba. Katika mkonge peke yake, ambako palikuwa na watu zaidi ya 100,000 wakati wa uhuru, idadi iliendelea kushuka, hata kufika mwisho wa miaka ya 1960 ilikuwa haifiki nusu ya ile ya kwanza.

Mtu mwenye haraka atafunga daftari hapa na kusema, "Imethibitika. Sheria ilifukuza watu kazi." Lakini ngoja. Historia hupenda kutuuliza: jambo lipi lilitangulia, na lipi lilifuata? Tutenge sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni bei. Mwaka 1963 na mwanzoni mwa 1964 bei ya katani ilikuwa nzuri mno. Mwaka 1964 nchi ilitoa katani nyingi kuliko wakati wo wote uliotangulia, karibu tani 230,000. Basi watu waliopungua mwaka 1963 hawakupungua kwa ajili ya bei mbaya, wala kwa sababu mkonge ulikosekana. Katani ilikuwa nyingi, bei ilikuwa juu, na watu walikuwa wakipungua. Hapa lazima tukiri bila kuzunguka kwamba gharama ya mshahara ilikuwa na mkono wake. Lakini baada ya 1964 bei ilianguka, na kufika 1967 ilikuwa karibu nusu ya ile ya kilele. Baadaye zikaja kamba za plastiki, wakulima wa Ulaya na Marekani wakazitumia kufungia majani makavu ya mifugo badala ya katani yetu. Waliopoteza kazi miaka hiyo ya mwisho wangalizipoteza nyingi hata kama kima cha chini kisingepandishwa kwa senti moja. Kwa hiyo mtu akikutajia upungufu wote wa miaka kumi na kuupachika juu ya sheria moja, mwambie arudie hesabu yake.

Sababu ya pili ni daftari lenyewe. Mnakumbuka kipande? Wakati wa kipande majina yalikuwa mengi kuliko watu waliofika kazini kila asubuhi. Kipande kilipokwisha, na mshahara ukawa wa kumtosha mtu kubaki, aliyebaki alikuja kazini kila siku. Sehemu ya yale majina yaliyofutwa ilikuwa ya watu waliofanya nusu ya kazi kwa nusu ya mshahara. Palipokuwa na watu wawili wa nusu nusu, pakawa na mmoja mzima. Je, hiyo ni hasara au ni faida? Inategemea unamwuliza nani kati ya wale wawili.

Sababu ya tatu ni usimamizi. Wakati watu walipokuwa rahisi, wenye mashamba hawakujisumbua kupanga kazi. Mshahara ulipopanda walianza kupima ngwe upya, kupunguza palizi na kutazama kila kazi kama ni ya lazima. Mwaka 1967 mtaalamu wa Shirika la Kazi Duniani, Profesa Turner, aliiandikia Serikali taarifa juu ya mishahara na mapato. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mishahara ilikuwa imepanda upesi mno kuliko uwezo wa nchi, na kwamba mkulima wa kijijini alikuwa anaachwa nyuma. Serikali ilikubali. Mwaka huo huo, mwaka wa Azimio la Arusha, ikaweka siasa mpya ya mishahara: nyongeza isizidi kwa kawaida asilimia 5 kwa mwaka, na mapatano ya mishahara yapelekwe mbele ya baraza la kudumu la kazi.

5. Nani alipata, nani alilipa

Sasa tuache tarakimu, tutazame watu.

Aliyebaki ndani ya lango la shamba alipata. Mshahara wake uliongezeka sana, na ulilipwa kila mwezi. Hakuweza tena kufukuzwa kwa sababu mnyapara ameamka vibaya. Aliweza kumleta mkewe na watoto wake, na kujihesabu kuwa mfanyakazi, si namba. Mambo haya si madogo. Mtu asiyewahi kufukuzwa kazi jioni, bila kosa na bila senti, asiyadharau.

Lakini yuko mtu wa pili. Huyu ni kijana wa Kigoma au wa Burundi, ambaye baba yake na kaka yake walikwenda mkongeni wakarudi na baiskeli, nguo, na fedha za mahari. Naye alingoja zamu yake. Katikati ya miaka ya 1960 uandikishaji wa watu wa mbali ulikoma. Hakuna aliyemfukuza kazi, kwa sababu hakuwa na kazi. Jina lake halimo katika daftari la waliopunguzwa. Hakugoma, hakuwa na katibu wa kumsemea, na kamati ya wafanyakazi haikukaa kuzungumza habari zake. Yeye alisikia tu kwamba lori halitakuja tena.

Wazee wetu walisema, aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Ulinzi wa kazi una tabia hiyo. Faida yake huonekana, ina sura na jina, na humfikia mtu ambaye tayari yuko ndani. Gharama yake, inapokuwapo, huangukia mara nyingi mtu aliye nje ya lango, naye haonekani. Kwa hiyo bunge lo lote, chama cho chote na mwajiri ye yote anayepima sheria ya kazi kwa kuwatazama walio ndani peke yao amepima upande mmoja tu wa mizani.

Kijana huyo alikwenda wapi? Wengi walibaki vijijini wakalima, na ndiyo sababu upungufu ule wa kazi haukuonekana mara moja kama msururu wa watu wasio na kazi. Wengine walikwenda mjini, ambako kima cha chini kilikuwa kikubwa na kiliwavuta. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu karibu 129,000. Mwaka 1967 walikuwa karibu 273,000. Kazi za mshahara mjini hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Waliokosa waliuza karanga, walibeba mizigo, walisukuma mikokoteni. Mara kwa mara walikamatwa, wakaitwa wazururaji, wakarudishwa makwao. Miaka mingi baadaye, mwaka 1983, ilitungwa sheria hasa ya kumlazimu kila mtu awe na kazi, na msako wake ulijulikana kama Nguvu Kazi. Tazameni mzunguko huo: lango lilifungwa, na aliyebaki nje akaitwa mvivu.

6. Jirani yetu Kenya alijaribu njia nyingine

Huenda mmoja wenu anauliza: kama ni hivyo, kwa nini Serikali isiwaamuru waajiri wachukue watu zaidi? Jambo hilo nalo limekwisha kujaribiwa, na ndugu zetu wa Kenya.

Mwaka 1964, miezi michache baada ya uhuru wa Kenya, watu wasio na kazi walikuwa wengi. Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakakaa pamoja wakapatana. Serikali iliahidi kuongeza watu wake kwa asilimia 15, na waajiri wa makampuni na mashamba kwa asilimia 10. Nao wafanyakazi waliahidi kwamba kwa mwaka mmoja hawatadai nyongeza wala hawatagoma.

Tangazo lilipotolewa, watu zaidi ya 200,000 walijiandikisha kutafuta kazi. Waliopata walikuwa karibu 34,000. Wengi wa wale waliojiandikisha walikuwa wameacha shamba au kijiji kwa kusikia kwamba mjini kuna kazi. Zaidi ya hayo, waajiri wengi walitimiza ahadi siku ile, kisha kila mtu alipoondoka hawakumweka mwingine mahali pake. Haukupita muda mrefu, hesabu ikarudi karibu na ilipokuwa. Hata hivyo mapatano ya namna hiyo yalijaribiwa tena mwaka 1970 na mwaka 1979.

Mambo hayo ya Kenya yalizaa elimu mpya. Mwaka 1970 wataalamu wawili Wamarekani, John Harris na Michael Todaro, walieleza kwa hesabu jambo ambalo watu wa Nairobi walikuwa wameliona kwa macho: mshahara wa mjini ukiwa juu sana kuliko pato la shamba, kila kazi moja mpya yaweza kumvuta zaidi ya mtu mmoja kutoka kijijini, hata wasio na kazi wakaongezeka badala ya kupungua. Na mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulipotembelea Kenya uliona kwamba wale waliokuwa wakiitwa wavivu hawakukaa bure. Walikuwa mafundi wa bati, washonaji, wachuuzi. Walifanya kazi mchana kutwa, lakini hakuna sheria iliyowajua.

7. Tujifunze nini

Basi, mabibi na mabwana, turudi kwenye swali letu. Je, sheria inayomlinda mfanyakazi yaweza kumnyima mwingine kazi?

Historia ya mkonge inajibu: ndiyo, yaweza. Mwaka 1963 ilikuwa hivyo kwa sehemu. Lakini inajibu pia kwamba si lazima, na si kwa kiasi wanachodai waajiri. Bei ya dunia, kamba za plastiki na namna ya kusimamia kazi vilikuwa na uzito wao.

Wala tusidanganyike tukafikiri kwamba zamani, kabla ya sheria hizo, palikuwa na heri kwa sababu majina yalikuwa mengi daftarini. Kazi ya kipande iliandika watu wengi kwa kumlipa kila mmoja kidogo mno. Kama tukisema ulinzi uondolewe ili watu wote wapate kazi, tuseme wazi ni kazi ya namna gani tunayoitaka, na kama tungekubali watoto wetu waifanye.

Kosa la miaka ile halikuwa kumpa mtu mshahara wa haki. Kosa lilikuwa kupandisha mshahara upesi bila kujiuliza mapema: yule ambaye lango litamfungia ataelekea wapi? Je, zao lake kijijini lina bei nzuri? Je, kuna barabara ya kulifikisha sokoni? Je, akija mjini na kufanya kazi yake mwenyewe, ataachwa afanye kwa amani, au atafukuzwa kama mwizi? Sheria ya kazi yamtosha aliye kazini. Aliye nje anahitaji mambo haya mengine, nayo hayapatikani kwa kuandika kima cha chini.

Sheria ya mwaka 1964 ilidumu miaka mingi. Ilirithiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo nayo imeshika msingi ule ule: mtu asiachishwe kazi bila sababu ya haki na bila kufuata utaratibu. Msingi huo ni mwema. Siku mtakaposikia inazungumzwa kuilegeza au kuikaza, pimeni maneno ya kila upande kwa mizani mliyoipata leo. Anayetaka kuilegeza, mwulizeni: aliye ndani atalindwa na nani? Anayetaka kuikaza, mwulizeni: aliye nje ataingilia mlango gani? Asiyeweza kujibu swali lake hajamaliza kazi yake.



Maneno ya kukumbuka

Katani: nyuzi zinazotokana na majani ya mkonge.
Kiinua mgongo: fedha anazolipwa mtu anapoachishwa kazi.
Kima cha chini: mshahara ambao sheria hairuhusu kulipa pungufu yake.
Kipande: kadi ya siku za kazi, iliyolipwa alama zote zilipotimia.
Ngwe: kipimo cha kazi ya siku moja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Rudieni hesabu ya shamba la watu 100. Kama bei ya katani ingepanda maradufu wakati ule ule, mwenye shamba angefanya nini? Kama ingeshuka nusu, je?

2. Mwulizeni mzee aliyefanya kazi mkongeni, au mtoto wake, habari za kipande. Alama 30 zilimchukua muda gani? Aliacha kazi kwa sababu gani?

3. Katika mji au kijiji chenu, ni nani walio ndani ya lango, na ni nani walio nje? Wa nje wana msemaji?

4. Kwa nini waajiri wa Kenya waliweza kutimiza ahadi ya mwaka 1964, na bado kazi zisiongezeke kwa muda mrefu?

5. Mjumbe mmoja aseme kwa niaba ya mkataji aliyebaki shambani mwaka 1963, na mwingine kwa niaba ya kijana ambaye lori halikumfikia. Kisha kikundi kiandike sheria moja ambayo wote wawili wangeikubali.